Riwaya za Mapenzi Mbele ya Shangazi

Mimi husoma riwaya za mapenzi, wala sizifuniki kwa gazeti. Shangazi yangu hapa Malindi aliziita upuzi tangu nikiwa msichana. Mimi naona zina kazi ngumu kuliko riwaya za vita. Kumuua mtu kitabuni ni rahisi. Kumfanya mwanamume aombe radhi, nasi tukamwamini, hapo ndipo mwandishi hujulikana. Na yule tajiri anayempiga msichana kofi ukurasa huu, akapendwa ukurasa wa pili, simtaki hata bure.

Mwaka jana binti yake shangazi alipakwa hina ya harusi, mikono yote miwili ikawa haiwezi kushika kitu. Akaniomba nimsomee mpaka ikauke. Nikasoma, na wanawake wote chumbani wakasogea kusikiliza. Nilipofika mahali bwana wa riwaya anaondoka bila kumuaga mama wa msichana, wakamlaani kama vile ni jirani yao.

Mwishowe nikafunga kitabu, nikainuka, nikamwambia biarusi akanawe.

“Keti,” shangazi akasema. “Hina bado mbichi.”

Nikaketi, nikafungua kitabu, na hina kavu inapukutika mkekani.