Mwangalizi wa Uchaguzi Aliyejificha Kituoni

Chekeni tu, mimi mwenyewe bado moyo unanidunda. Kikundi chetu cha wazee hapa Nkololo kilipata kibali cha kuangalia uchaguzi, nikateuliwa mimi wa darasa la tatu, maana pombe nimeacha, ingawa hiyo ni habari ndefu. Kwenye semina Bariadi tulionywa: mwangalizi akiingia kwenye kituturi, pale watu wanapopigia kura kwa siri, ananyang'anywa kitambulisho na kikundi kizima kinafutiwa kibali.

Basi nimekaa kituoni, mara mama mkwe huyo mlangoni. Sisi Wasukuma na mama mkwe hatutazamani. Hata msibani huwa napita nyuma ya zizi. Mlango wenyewe ni mmoja. Karani alipoinama kutafuta jina lake, nikajibanza ndani ya kituturi, nikijiambia atapita tu. Apite aende wapi, na kura hajapiga?

Akanikuta nimechuchumaa. Akajifunika uso kwa khanga, akamwita msimamizi.

"Mwanangu, mwambie mkwe wangu atoke humu, nipige kura."

Msimamizi alikuja amenyoosha mkono, nami nikaanza kuvua kitambulisho shingoni.