Maji ya Magotini

Kwa miaka kumi na miwili Celestine Amolo amekuwa akitafuta mayai ya kichocho kwa hadubini, katika maabara ya zahanati moja mjini Kisumu. Siku familia yake ilipokwenda ufuoni mwa ziwa kupumzika, alichohofia ni watoto kuzama. Kwa hiyo alimwagiza mumewe, Walter, asiwaruhusu kupita maji ya magotini, naye akabaki kivulini akipakua ugali na samaki.

Alipokwenda kuwaita, aliwakuta wamesimama kwenye majani ya kando, maji yakiwafika magotini barabara.

"Mama, tazama!" Debra, mwenye miaka sita, alinyoosha kiganja kilichojaa konokono. "Huyu mnene ndiye baba yao!"

"Wamekaa humo muda gani, Baba Debra?"

"Nusu saa hivi. Usinikazie macho, daktari wangu. Ulisema magotini, na magotini ndipo walipo."

Celestine aliinama akawatazama wale konokono. Konokono wa namna ile ndio wanaoeneza kichocho, nao hupenda maji matulivu yenye majani, yale yale aliyowachagulia watoto yeye mwenyewe. Aliwatoa, akawasugua miguu kwa taulo.

"Mama, unanisugua kama sufuria!"

Aliendelea kusugua, ingawa alijua kwamba vijidudu vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono na kuogelea majini, huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Hata dawa isingefaa kitu siku hiyo, kwa kuwa huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Ilibidi wiki kadhaa zipite kwanza.

"Ukienda kazini uwatazame konokono wangu kwa hadubini," Debra alimwomba.

Celestine alikunja taulo lililolowa, akawaambia waje wale, kwani samaki walikuwa wanapoa.