Ndugu wa Mbuzi

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya magunia mabichi hunirudisha Malakia, mtaa wetu wa Juba, kila mara, hata nikiwa katikati ya ibada. Petroli ilikuwa ya jenereta ya Nalongo. Magunia ni yale aliyoyalowesha maji na kuyatundika madirishani na mlangoni kila Jumamosi mchana, ili jua lisiingie kwenye picha na joto la mabati litupungukie kidogo. Nalongo ndilo jina wanaloitwa akina mama wa mapacha kwao Uganda, na sisi hatukulijua jingine. Alikuwa na duka la sabuni na chumvi, na nyuma ya duka chumba kirefu chenye televisheni moja, mikeka, na watoto wengi kuliko mikeka. Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani, watu wakirudi Juba kutoka Khartoum, Uganda na Kenya, kila mmoja na godoro lake na lugha yake. Leo naitwa mzee wa kanisa ingawa sijafika umri wa kuitwa hivyo mtaani, na ninamshukuru Mungu kwa mengi ya msimu ule. Lakini shukrani isiyo na ukweli ni nusu shukrani, na ukweli ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na miwili na wivu ulinila kama mchwa alavyo nguzo: nje nzima, ndani unga.

Kabla ya wivu kulikuwa na utukufu. Nalongo alipata filamu ya kuchekesha ya wanyama wanaosema: mbuzi, mbwa na jogoo walioishi na familia moja ya Wazungu na kuisumbua kutwa. Ilikuwa Kiingereza kitupu. Kwao Uganda filamu kama hiyo haiachwi ijisemee; mtu huketi kando na kipaza sauti akaifasiri palepale, na watazamaji humpenda au kumchukia kuliko waigizaji wenyewe. Mimi nilikuwa nimesoma Koboko, ng'ambo ya mpaka, basi Nalongo akanikalisha juu ya kreti ya soda na kuniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe Poni najua Kizungu. Sema." Nilijua nusu. Nusu ya pili niliijaza mwenyewe, na hakuna aliyelalamika. Kuna mahali mbuzi anasimama langoni akitazama barabara, muziki tu, hakuna anayesema. Chumba kikanyamaza, nami nikauogopa ule ukimya. Nikasema kwa sauti ya mbuzi, "Namngoja ndugu yangu. Tulipotezana tukikimbia." Chumba kizima kikaguna. Tangu hapo sikuweza kumwacha ndugu huyo. Nikamtia kila penye nafasi, na filamu ilipoisha nikaahidi kwamba atarudi sehemu ya pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa Jumamosi nne mfululizo.

Aliyenisifu kuliko wote ni Haboba Tabitha. Haboba ndiyo bibi kwa Kiarabu chetu cha Juba, na bibi huyu aliuza siagi ya karanga barazani kwa Nalongo. Yeye na mwanawe Lado walipotezana njiani kuelekea mpakani wakati wa vita, na tangu watu waanze kurudi aliwauliza abiria wa kila lori lililosimama karibu. Aliketi mbele pamoja na watoto, miguu ameinyoosha, na filamu ikiisha alinitia karanga kiganjani akaniuliza, "Sehemu ya pili inakuja lini, mwanangu?"

Ilikuja baada ya Keji. Keji alikuwa mtoto wa baba mkubwa, kwa hiyo dada yangu, umri wetu mmoja, amerudi kutoka Nairobi na soksi nyeupe na Kiswahili kilichopigwa pasi. Tulilala godoro moja. Ndani ya wiki mbili mwalimu wa kwaya alimpa ubeti niliokuwa nikiuimba peke yangu, na baba yangu, ambaye hakuwahi kunisifu mbele ya wageni, akaanza kusema, "Keji, hebu wasomee wazee barua hii." Kipya kinyemi ingawa kidonda, naye Keji hakuwa hata kidonda, hilo ndilo lililoniuma. Diski ya sehemu ya pili ilipoletwa kutoka Kampala, Keji alisoma maandishi ya jaladani mara moja, bila kumeza mate. Nalongo akamtazama, akanitazama, akamkabidhi kipaza sauti. "Poni, wewe leo napumzika," akasema kwa upole, na upole ule ukanichoma kuliko kofi.

Nilikaa mkekani. Keji alikuwa hodari, Mungu ni shahidi. Jogoo alimpa sauti ya askari wa barabarani, mbwa sauti ya mlevi, na wavulana waliorudi kutoka Khartoum walicheka hadi wakaangukiana. Lakini filamu ilipofika katikati, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Na ndugu yake je?"

"Ndugu gani?" Keji akauliza kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wa mbuzi! Aliyepotea!"

"Jameni, hakuna ndugu hapa. Mbuzi yuko peke yake."

Zogo likazuka. "Mafi ndugu? Hayupo? Basi turudishieni sehemu ya kwanza!" Keji akageuka kunitazama. Neno langu moja lingemwokoa. Nikatazama kucha zangu, na moyoni nikasikia utamu kama wa sukari guru.

Wiki ile Malakia haikuwa na habari nyingine. Kwenye foleni ya maji akina mama walisema mbuzi amefika mjini akaota kiburi na kusahau damu yake. Wavulana wakasema sehemu ya pili ni bora, vichekesho vitupu, na anayetaka kulia aende msibani. Mwalimu wa kwaya akaona zote mbili zingefaa kama wale wanyama wangevunja sahani chache zaidi. Mimi nilipita katikati yao nikichochea. "Huyo wa Nairobi anajua Kiingereza cha vitabu," nilisema, "cha mbuzi hakijui." Walicheka, nami nikanenepa. Kisha Haboba Tabitha akaniita barazani, akainama karibu nami kana kwamba anauliza jambo la aibu. "Poni, mwanangu, wamemkata yule ndugu? Au bado yuko njiani?" Ningeweza kumwambia. Nikasema, "Yupo, Haboba. Keji amemruka." Hapo nilimdanganya bibi na kumchafua dada kwa pumzi moja, na jioni ile nikapiga magoti kusali kama kawaida.

Ijumaa tulikuwa tukiosha vyombo uani, Keji akasema bila kuniangalia, "Nalongo amenionyesha sehemu ya kwanza. Mbuzi hana ndugu." Nikangoja aseme atanishtaki kwa baba. Akasuuza sufuria. "Ulimtoa wapi, Poni?"

"Sikumtoa popote."

"Ni mzuri kuliko filamu yenyewe," akasema. "Angerudije?"

Kusifiwa na unayemwonea wivu ni kama kulishwa na mtu unayemnyima salamu. "Sijui," nikamjibu. "Kiulize Kiingereza chako."

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa zamu ya mwisho ya filamu ile, na mimi nilikataa kuingia. Nilisimama nje, kati ya jenereta na ukuta wa mabua, nikijidai natazama kuku. Haboba Tabitha nilimwona akiingia polepole, amevaa leso ya kanisani. Nilisikia jogoo, mbwa, kicheko. Karibu na mwisho, penye gulio lenye wanyama wengi, sauti ya Keji ikakatika ghafla. "Simamisha hapo, Nalongo! Hapo hapo!" Picha ikasimama, nilijua kwa jinsi muziki ulivyokatika. "Tazameni nyuma ya mkokoteni. Yule wa kahawia. Mnamwona?" Kisha akasema kwa sauti ya mbuzi, si ile yake ya wiki iliyopita bali yangu, ile niliyoibuni mimi juu ya kreti: "Ndugu yangu. Umechelewa, lakini umefika." Vigelegele vikatoboa mabati, na kimoja, kirefu na chembamba, kilikuwa cha Haboba Tabitha.

Filamu ile nilikuwa nimeitazama nzima Jumamosi iliyotangulia, na mbuzi wa kahawia sikumwona. Nilikuwa nikimtazama Keji. Ndugu nilimzaa mimi, lakini aliyemrudisha nyumbani ni yeye.

Nalongo akatoka kunitafuta, jasho likimtiririka. "Poni! Ndugu iko narudi, watu nafurahi, na wewe nakaa nje na kuku? Ingia!"

"Nina kazi," nikasema.

Alisimama kidogo mlangoni, gunia ameliinua kwa mkono mmoja. Kisha akaliachilia.

Haboba Tabitha alifariki miaka kadhaa baadaye bila Lado kurudi. Nilikuwa nimekwenda kwake kuungama kabla ya hapo, nikamwambia ndugu wa mbuzi alikuwa uongo wangu na Keji hakuwa ameruka kitu. Alinipa karanga. "Siku ile nililala vizuri," akasema. Keji yuko Nairobi tena. Ilinichukua miaka mingi kumpigia simu na kumwomba msamaha, kwa maana wivu wa mtoto hukua naye kama kovu la mguuni. Nilimweleza yote, kuanzia kreti hadi jenereta. Akauliza, "Mbuzi gani, Poni?" Hakumkumbuka hata kidogo. Tulicheka wote wawili, nikashukuru, nikakata simu, na nikajikuta nimemwonea wivu hata hapo, kwa kuwa na moyo mwepesi hivyo wa kusahau.

Siku hizi wanangu hutazama wanyama wanaosema kila mmoja kwenye simu, vidude masikioni, na baadhi ya wanyama hao husema Kiswahili safi bila kumngoja mfasiri. Umeme ukiwepo, nyumba ina filamu tatu na haina sauti. Hakuna anayepiga kelele kuuliza ndugu wa mbuzi yuko wapi, wala anayeomba picha isimame. Simlaumu mtu, Mungu ametupa raha ambazo mama zetu hawakuziota. Lakini wakicheka peke yao, kila mmoja kwa wakati wake, mimi husimama mlangoni na kanga yangu begani, nikingoja mtu ainue gunia aniite niingie. Safari hii ningeingia.