Hela Inayochimbwa

Miaka ya hamsini ilikuwa imefika katikati niliporudi Mbeya kwa likizo ndefu kutoka chuo kikuu Kampala. Nilikuja na kitabu kinene juu ya meli za Wahispania zilizovusha dhahabu na fedha kutoka Amerika, kwa sababu nilitakiwa kuandika insha. Bahari sikuwa nimeiona bado.

Kaka yangu alikuwa ametoka machimbo ya dhahabu ya Chunya mikono mitupu, na alitaka kwenda tena Jumatatu. Mkewe, Mhehe wa Tosamaganga karibu na Iringa, alikuwa mjamzito, na mahindi yamekomaa na kukauka shambani. Alikwisha kumwambia: ukiondoka kabla ya kuvuna, nami narudi kwetu.

Jumamosi mchana tulikaa uani, shemeji anapukuchua maharage. Kaka akaniuliza kitabu kinasema nini. Nikamwambia kwamba huko watu walichimba fedha milimani, ikapakiwa melini.

"Walichimba nini?"

"Fedha."

"Hela?"

Kiswahili chake alikiokota machimboni, na huko fedha ni hela, basi. Alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tunahangaika na dhahabu ili tupate hela, kumbe wenzetu wanachimba hela yenyewe! Na wewe msomi umeikalia habari hii kimya?"

Nilianza kumweleza kwamba fedha ni madini meupe, na hela ni neno tulilobakiziwa na Wajerumani. Nikaishia njiani. Kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya shehena zile: zilifika, zikapigwa sarafu, na bei ya mkate ikapanda. Sikuwa na hakika tena kwamba kaka amekosea.

"Shemeji," mkewe akasema bila kuinua macho, "hao wa kwenye meli walikuwa na wake?"

"Nadhani."

"Walikula nini, waume zao wakiwa majini?"

Nilipitia kichwani yote niliyosoma. "Kitabu hakisemi."

"Basi walikula," kaka akadakia. "Wangekufa njaa, kingesema."

"Au walirudi kwao. Mwanamume anafika na meli imejaa, anakuta mlango umefungwa. Nani ataandika aibu hiyo?"

"Mama watoto, mimi siendi na meli. Naenda na lori."

Shemeji mwenyewe alicheka. Nikadhani yameisha. Nilikuwa naamini wakati huo kwamba watu wakicheka pamoja wamekubaliana.

Jumatatu asubuhi nilisimama nao barabarani Mwanjelwa, magari yanapopakia abiria. Kaka alikuwa upande mmoja wa barabara, na karai na koleo. Shemeji alikuwa upande wa pili na mzigo wake, anasubiri basi la Iringa. Lori lilifika kwanza. Kaka akapanda juu, akapaza sauti:

"Umechukua blanketi?"

"Nimechukua."

"Lile zito?"

"Lile zito."

Lori likaondoka. Mtoto alizaliwa Iringa, baba yake yuko Chunya.

Mahindi tulivuna mimi na mama yetu. Insha niliiandika mikono imechubuka, na swali la shemeji nikaliweka katika aya ya mwisho, kama alivyoliuliza. Mwalimu wangu alilikata kwa wino mwekundu. Pembeni akaandika kwamba nimetoka nje ya mada.