Miezi Miwili ya Kuchagua Spika

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuifungua ampu nikiwa peke yangu, kwa ajili ya mchakacho ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiusikia.

Ampu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya kundi. Napiga gitaa la solo katika kundi la taarabu ya kisasa linalofanya mazoezi uani kwa kiongozi wetu, Vingunguti, na kwa kuwa pale uani mvua huingia, nilikabidhiwa ampu nikae nayo chumbani kwangu Temeke. Nikawa nayo kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani. Kila nikipiga noti moja ya chini, nyuma yake kitu kinachakacha, kama punje za mchele ndani ya kopo. Nikamuuliza mpiga kinanda kama anasikia. Akasema hasikii. Nikapiga tena, nikamuuliza tena.

"Dogo," akaniambia, "nenda kale. Hiyo ni njaa."

Gitaa sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwenye simu, kwa kurudisha nyuma video mpaka kioo kinapata moto. Aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: hakuwahi kuwa na mwalimu wa kumwambia inatosha, kwa hiyo hajui inatosha ni wapi.

Jumapili moja asubuhi nikailaza ampu kifudifudi juu ya godoro, nikatoa kifuniko cha nyuma, nikaanza kulegeza skrubu za spika. Kwenye ya tatu, sumaku ikaivuta bisibisi. Sikujua kwamba sumaku ya spika ina nguvu kiasi kile. Ncha ikapita kwenye uwazi wa fremu na kuzama kwenye ile karatasi nyeusi inayotoa sauti. Tundu lilikuwa dogo, la ukubwa wa harage. Nadhani bado lingetibika, lakini mimi nikapaka supaglu, karatasi ikakakamaa, na nilipowasha kujaribu, tundu likafumuka likawa mpasuko wa urefu wa kidole. Mchakacho, nilikuja kugundua baadaye sana, ulitoka kwenye mkono wa kubebea ampu. Skrubu yake ilikuwa imelegea.

Mazoezi ya Jumanne nikasema, "Spika imeungua."

Hakuna aliyeuliza. Spika huungua. Kiongozi wetu, ambaye wote tunamwita Mama ingawa hajamzaa hata mmoja wetu, akanipa pole kama mfiwa. Akasema fungu la vifaa lipo, nisihangaike. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Nenda kachague inayofaa."

"Niachie mie, Mama."

Ingekuwa fedha hazipo, ningepata pa kujificha. Zilikuwapo. Ilibaki kuchagua tu.

Nikaanza kuchagua. Nilitazama video za watu wa nchi za mbali wakizilinganisha spika, hii na ile, hii na ile, na nikaandika kwenye daftari: hii inang'aa, hii ina kifua, hii inachelewa. Nilijaza kurasa kumi na tisa. Ilinichukua wiki mbili kuona kwamba spika zote hizo nilikuwa nazisikia kupitia spika moja, ile ya simu yangu, yenye ukubwa wa punje ya mahindi. Nilipoliona hilo sikuacha. Nilinunua bando jingine nikaanza upya kwa kutumia visikilizio.

Kuna duka moja mjini ambalo makundi mengi hununua vifaa. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa, na Kiswahili chake ni cha pwani kuliko changu mimi niliyeletwa Dar nikiwa na miaka saba. Mama amekuwa akinunua maiki kwake tangu kabla sijazaliwa. Nikaenda na daftari langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, bwana mdogo."

Nikamsomea kurasa mbili nzima. Akanisikiliza huku anafuta vumbi kwenye miwani.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Ipo nyumbani."

"Ilete. Nione omu zake za umeme, nione kina, nione matundu ya skrubu yamekaa vipi. Kiatu hakinunuliwi bila mguu."

Hapo ndipo nilipobanwa. Bila kumpelekea spika ya zamani, nisingeweza kununua mpya nikiwa na hakika, na mimi bila hakika sinunui hata sabuni. Lakini nikiipeleka angeona mpasuko, na yeye na Mama wakikutana huongea mpaka chai inapoa. Kwa hiyo nilirudi dukani mara nne mikono mitupu. Mara nne akaniuliza, iko wapi? Mara nne nikasema nimesahau. Mara ya tano nilifika mpaka ng'ambo ya barabara, nikamwona yuko mlangoni, nikageuka.

Kundini nilisema bado nachunguza. Nilijiambia hivyohivyo na mie mwenyewe, kwamba natafuta sauti sahihi. Na kweli nilikuwa naitafuta. Ndiyo maana uongo ule ulikuwa mgumu kuuona: ulivaa nguo za bidii.

Shughuli hazikunisubiri. Kwenye harusi ya Msasani, kwa familia moja ya wenyeji wa pale, fundi mitambo alinichomeka moja kwa moja kwenye mixa. Gitaa likatoka jembamba, kama waya wa kuanikia nguo ukipigwa na kijiti. Kabla ubeti wa pili haujaisha nikamwona Mama akimkonyeza fundi mitambo, na sauti yangu ikashushwa taratibu mpaka nikawa nasugua nyuzi tu. Mpiga kinanda akabonyeza kitufe, na gitaa langu likatoka kwenye kinanda chake. Lile lile. Namna ninavyopandisha na kushusha noti, yote anaijua.

"Nakushikia tu, dogo," akaniambia wakati wa kula. "Siku ukipata spika unachukua chako."

Alimaanisha. Laiti angekuwa na roho mbaya, ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Harusi iliyofuata ilikuwa Madale, na Mama akasema gitaa nisije nalo, tusibebe mzigo wa bure kupanda vile vilima. Nikavaa sare, shati la zambarau lenye marembo kifuani, nikapewa kayamba. Saa tatu nzima nilitikisa kayamba nikiwa nimesimama pembeni ya ngoma, huku kinanda kikipiga wimbo wa kufungulia. Utangulizi wa wimbo ule niliutunga mimi. Bibi mmoja wa makamo alikuja kutunza, akapita mbele yangu, akanitazama mikono, akasema, "Huyu naye kapungukiwa nini?" Akaenda kumbandika mpiga kinanda noti kwenye paji la uso.

Wiki ile nikaelewa kwamba hawatanifukuza. Wangeniacha tu na kayamba, mwezi hadi mwezi, mpaka siku moja wasahau kwamba niliwahi kuwa na gitaa. Kundi lilikuwa linajifunza kuishi bila mimi, na kila siku niliyoomba niongezewe ilikuwa siku yao ya mafunzo.

Uani utani ukageuka kejeli. "Wenzio wanachagua mchumba kwa siku tatu," alisema mwitikiaji mmoja, "wewe spika inaingia mwezi wa pili. Ukija kuoa wewe, mwali atakuwa bibi." Mwingine akadakia kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo niliisikia mara nyingi mno hata nikachukia tui. Halafu siku moja, wakati maiki zinajaribiwa, Mama akanitazama na kuanza kuimba polepole, akitunga palepale kama anavyowafanyia maadui zake:

"Wapepeta wapepeta, chungu kimekaukia,
Wenzio washamaliza, we ungali wachambua."

Waitikiaji wakaupokea kana kwamba wanaujua siku zote. Wakaurudia mara tatu, wakicheza. Mie nikacheka nao, kwa sababu mtu akiimbiwa mpasho asipocheka amekiri.

Alipoweka maiki chini alisema bila utani, "Alhamisi twende wote dukani. Na hiyo iliyoungua uibebe, kuna fundi namjua anavisha koili, ule waya wa ndani unaoungua."

Nilikuwa na siku mbili. Nilifikiria kuitupa spika niseme imeibwa, lakini nani anaiba spika mbovu? Nilifikiria kuiunguza kweli, ili niliyoyasema yawe kweli. Nasema haya kwa aibu: nilikaa kitandani na kiberiti mkononi, nikatafuta kwenye simu picha za koili iliyoungua, nione rangi yake na masizi yanavyokaa. Hata katika kughushi nilitaka ifanane. Picha hazikukubaliana, nyingine nyeusi, nyingine kahawia, nikashindwa kuamua niige ipi. Alhamisi ikanikuta na spika ileile, nimeifunga kwenye kanga.

Mzee aliifungua juu ya kaunta. Akaisukuma karatasi kwa vidole viwili, juu na chini, akiwa ameinamisha sikio. Akainusa. Nilijua kila atakachokisema kabla hajakisema, na bado sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu alisimama Mama, na mbele ya Mama palikuwa na mimi tu.

"Koili nzima hii," akasema. "Haijaungua. Imetobolewa. Na mtu kaipaka gundi."

Mama hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Ni mie," nikasema. "Bisibisi iliniponyoka. Nilikuwa naifungua nyumbani. Nikaogopa."

"Lini?"

"Jumapili ile. Kabla sijakwambia."

"Kwa hiyo haikuungua hata siku moja."

"Haikuungua, Mama."

Mzee akakohoa. "Sumaku haina adabu, dada yangu. Mimi mwenyewe nishatoboa, wallahi."

"Wewe kaka nyamaza, usimtetee. Wewe ningekuuliza ungeniambia kweli, nisingekuwa na kesi." Akanigeukia. "Kutoboa umetoboa, watu wanatoboa. Spika ningenunua Jumatano yake. Mie nimekuweka na kayamba shughuli nzima mbele za watu, naona labda mtoto kaishiwa, kazi imemshinda, nimstahi. Kumbe namstahi muongo!"

Nilitamani aimbe. Mpasho ungekuwa mwepesi kuliko ile sauti yake ya kawaida.

Mzee, labda kwa kunihurumia, akapima omu na matundu, akaingia stoo akarudi na spika tatu za inchi kumi na mbili. Zote zingeingia. Akazifunga moja baada ya nyingine kwenye sanduku la kujaribia. Nikanyoosha mkono kuchukua gitaa la dukani.

"Weka hilo," Mama akasema. "Nipe maiki."

Akaimba mstari uleule mmoja kwenye kila spika. Ya kwanza ilimtoa safi, kila neno limeoshwa. Wauzaji wa duka la pili wakachungulia. Nikasahau fedheha yangu nikasema, "Hiyo, Mama, hiyo ndiyo yenyewe!" Akamwashiria mzee afunge inayofuata. Ya pili ilimpa sauti nene, ya kupendeza. Ya tatu ikamharibu kabisa. Maneno yalitoka kama mtu anayesemea ndani ya simtanki, silabi zimemezwa. Akaimba tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nifungie hii."

"Hiyo haikupendi, dada," mzee akasema.

"Ndiyo nzuri. Ikinipenda itanikalia juu. Watu wanakuja kusikia ninamsema nani. Gitaa likisimama pale yanapopita maneno yangu, nani atajua kasemwa?" Akanitazama. "Hii inapakataa pangu, pale sauti yangu inapokaa. Kwa hiyo nikiimba, gitaa litanipisha."

Kurasa kumi na tisa zile hazikuwa na neno hata moja juu ya sauti yake. Nilikuwa nimechagua kwa miezi miwili sauti ya gitaa linalopigwa chumbani na mtu mmoja, na mlango umefungwa.

Nilipolijaribu gitaa kwenye spika ile lilikuwa gitaa la kawaida tu, tena limepoa kidogo. Nilitaka kulisema hilo, nikaona sina haki. Kisha Mama akaanza kuimba mdomoni tu, bila maiki, akiwa ameegemea kaunta, nami nikamfuata, na kila neno lake nililisikia.

Tukarudi Vingunguti kwa bajaji, spika iko miguuni mwangu. Karibu na machinjioni akasema, bila kunigeukia, "Wimbo wa kufungulia kinanda kimeshauzoea. Kitabaki nao. Wewe utaingia kuanzia wa pili."

"Ndiyo, Mama."

Sasa ni mwaka na zaidi. Wimbo wa kufungulia bado unapigwa na kinanda. Mimi hukaa na gitaa mapajani nikisikiliza utangulizi nilioutunga, halafu naingia. Ampu inalala kwa Mama, sebuleni, na haifunguliwi mpaka wawepo watu wawili. Daftari sijalitupa, ila sijaandika ndani yake. Mwezi uliopita nilikanyaga waya wa maiki nikaukata tukiwa jukwaani, na nikamwambia Mama kabla hajashuka. Alinitukana vizuri tu, tukaendelea na kazi. Bado nasikia michakacho isiyosikiwa na wengine. Kilichobadilika ni kwamba nikiharibu kitu, nasema siku hiyohiyo.