Jinsi Gari Langu Lilivyotekwa Nyamisati

Sababu ya safari hii ni kivuli. Chuoni kwetu Dar es Salaam, nyuma ya jengo la kitivo, upo mti mmoja mkubwa wa mkungu, na chini yake panatosha gari moja tu. Kwa miaka mingi gari hilo lilikuwa langu. Saa nane mchana wenzangu walikuwa wanashika usukani kwa leso, wanatandika khanga juu ya viti, wanalaani jua. Mimi naingia garini mwangu kama mtu anayeingia msikitini, taratibu, kwenye ubaridi. Sitaficha kwamba nilikuwa nikiwapungia mkono.

Kisha ikaundwa kamati ya usafiri rafiki wa mazingira. Kamati ikaamua kwamba wafanyakazi wanaokaa njia moja wachangie magari, moshi upungue na maegesho yapumue, na kwamba vivuli vyote viwe vya magari yanayoingia na watu wasiopungua watatu. Mimi nafundisha utunzaji wa mazingira, kwa hiyo niliuunga mkono uamuzi huo kikaoni kwa hotuba ndefu iliyopigiwa makofi. Kesho yake nikachukua majoho mawili ya mahafali, nikavivisha viti viwili vya gari, nikaweka na kofia zake. Mlinzi wa getini, Bi Zena, aliwapigia saluti maprofesa hao wawili kwa siku nne. Siku ya tano aliwaamkia shikamoo, hawakuitikia, akafungua mlango.

Barua ya kamati haikunitukana. Ilisema tu kwamba kivuli cha mkungu kiko wazi tena, na kwamba kitakuwa mali ya dereva wa kwanza atakayeleta fomu ya safari ya kikazi aliyoiendesha gari likiwa limejaa viti vyote, pamoja na sahihi za abiria wake. Atakipata kwa mwaka mzima. Niliisoma barua nikacheka peke yangu ofisini, maana safari ya kikazi nilikuwa nayo, tena wiki hiyohiyo.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Dar watu watatu. Nyuma yangu alikaa Dokta Salma, mtafiti wa mikoko, mama mdogo wa umbo na mpole wa maneno, aliyekuwa anakwenda kukagua miche aliyopanda na wanakijiji wa Kiongoroni, kule deltani. Pembeni yangu alikaa Mushi, fundi wa maabara, Mchaga mwenye miguu mirefu, ambaye tangu Mbagala alikuwa anatafuna karanga na kuyaacha maganda yaangukie mahali nisipotaka hata kupatazama. Fomu aliishika Salma, mkobani. Viti viwili vilikuwa vitupu, ila hilo halikunisumbua. Nilikuwa nimepanga kuvijaza siku ya kurudi, tutakapokaribia mjini, kwa watu wasafi wasio na mizigo.

Mkuranga tulisimama kununua maji, akatujia mama mmoja mwenye tenga la kuku. "Mwanangu, hunifikishi Bungu hapo?"

"Gari la serikali hili, mama," nikamjibu. Lilikuwa langu, na kadi yake ilikuwa nyumbani kabatini. Mushi aliacha kutafuna. Salma alitazama nje dirishani.

Bungu tuliiacha barabara kuu ya lami, tukashika njia ya kushoto iendayo Nyamisati, ambako barabara inaishia na boti zinaanzia. Niliendesha kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, mguu mwepesi, bila kukanyaga breki ovyo. Somo hilo lilimfanya Mushi asinzie.

Nyamisati, kabla ya adhuhuri. Aendaye deltani huacha chombo chake uani kwa Bi Mwajuma, chini ya mikorosho, hatua chache kutoka gatini. Ni mama mnene wa makamo, sauti yake inafika ng'ambo bila simu. Pikipiki zilijipanga uani kwake kwa mstari ulionyooka kuliko wowote nilioupata kuuona chuoni. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama toka juu hadi chini.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Natoka Dar, mama."

"Dar hatoki mtu. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Aliacha mwiko kwenye sufuria, akajishika kiuno. "Mnyamwezi! Jamani njooni, mpagazi wangu kaja! Na leo kaja na gari!"

Hapa msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwa mwingine niseme tu kwamba Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka na mizigo mabegani kutoka bara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya kitu chako mpaka ukikomboe, hata kulala kaburini akizuia maziko mpaka apewe chochote. Wewe una haki ileile kwake. Kilichokatazwa ni kimoja tu, kukasirika. Anayenuna kashindwa, na habari zake zitasimuliwa.

Nilicheka kwa adabu. Bi Mwajuma akaninyooshea kiganja. "Lete ufunguo, mtani, nikusogezee gari kivulini jua likigeuka."

Neno kivuli likanilainisha. Nikampa.

Boti ya kwenda Kiongoroni ilikuwa ya Bwana Mkumba, nahodha mkavu wa mwili, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu. Haikuondoka mpaka ilipojaa, na ilipojaa Mkumba akaanza kutupanga kwa uzito. "Wewe mwalimu una tumbo, kaa kati." Nikabanwa baina ya gunia la unga na bibi mmoja aliyeniegemea akalala. Tulipoingia kwenye mkono wa mto, mikoko ikiwa imetubana huku na huku, Mkumba alizima injini. Nikadhani imekufa.

"Maji yanatoka, yanaelekea kulekule tunakokwenda sisi," akasema. "Nichome mafuta ya nini?"

Nimewahi kutumia saa mbili nzima darasani kulieleza jambo hilo, na michoro juu yake.

Jumamosi tulishinda Kiongoroni. Salma alikuwa topeni mpaka magotini, akihesabu miche pamoja na wanakijiji, akicheka nao kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Wengi wa watu hao zamani walikuwa wakikata mikoko tu. Sasa wanakata kwa zamu na wanapanda. Jioni, kwenye wali na samaki, mke wa Mkumba aliniuliza kitu gani kimenileta, maana kazini sikuwa nafanya lolote. Nikawaeleza habari za maegesho, za kamati na za mkungu. Walisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo," Mkumba akauliza, "watu wanatoka nyumba jirani, wanakwenda kazi moja, kila mtu na chombo chake?"

"Ndiyo."

"Mmegombana?"

Mushi akaongeza samaki.

Jumapili, saa tano asubuhi, boti ilitushusha tena Nyamisati. Kwa mbali niliona gari langu limesogezwa kivulini kama nilivyoahidiwa, nikafurahi. Nilipokaribia furaha ikakatika. Ndani yake walikuwa wamekaa wanawake watatu waliojipamba, macho wanja, mikono hina, udi unatoka dirishani. Mmoja wao alikuwa Bi Mwajuma, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga yake.

"Mtani, gari lako nimeliteka," akasema kwa upole kabisa. "Leo mpwa wangu anaolewa Kibiti. Nikaha baada ya alasiri. Gari letu limekatika springi toka jana. Huyu dada yangu Tatu, huyu shangazi yetu, ndiye aliyemlea bibi harusi. Asipofika yeye, mtoto hatoki chumbani."

Yule shangazi, mzee sana, alikuwa amevaa miwani na ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alinitazama kwa wasiwasi wa kweli. Hapo utani ulikuwa umeisha kwake. Alikuwa anaogopa kuachwa.

Nikapiga hesabu. Viti vitano. Wao watatu, Salma, Mushi, na mimi. "Tuko sita," nikasema. "Askari wa barabarani watatukamata. Na mimi nafundisha watu kutozidisha."

"Hatuzidishi," Bi Mwajuma akajibu. "Wewe hupandi."

Uani kulikuwa na watu, wote wamesogea kusikiliza.

"Huyu Mchaga ni mgeni wangu, sina utani naye. Dada Salma anajua kuendesha. Mpagazi ni wewe! Babu zako walitoka Tabora kwa miguu, pembe begani, wanaimba. Wewe umepewa magurudumu manne, na viti vyote hivyo, unajibeba mwenyewe! Huoni haya?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Niliona hasira inanipanda, nikaimeza. Mushi alikuwa ameinamia karanga zake mabega yakimtikisika, Salma amekwisha ingia upande wa usukani na anarekebisha kiti. Nikasema, "Leteni mzigo." Wakaniwekea kikapu cha kamba wakavu mapajani na mkeka wa harusi begani, nikapakiwa kwenye bodaboda ya kijana mmoja aliyenishauri nizibe pua.

Nyamisati hadi Bungu, na Bungu hadi Kibiti, nililifuata gari langu mwenyewe. Sikuwahi kuliona kwa nyuma likitembea. Lilikuwa limejaa vichwa, vilemba na khanga, vigelegele vinatoka madirishani kila walipopita kijiji, na watoto wanalipungia. Nina gari hilo miaka tisa. Siku hiyo ndiyo nililiona likifanya kazi. Harufu ya kamba ilikuwa imeniingia mpaka kwenye nyusi. Pale Bungu dereva wangu alipunguza mwendo akanigeukia. "Mzee, mbona unacheka peke yako?" Kweli nilikuwa nacheka, na sikuweza kumweleza ni kwa nini.

Kibiti, muda mfupi kabla ya alasiri. Shangazi aliingizwa ndani kwa shangwe, na baada ya kitambo tukasikia vigelegele vya nikaha. Mimi nilitambulishwa kwa waalikwa kama mpagazi aliyeleta kitoweo, nikasimama nikawapungia, wakanishangilia kuliko bwana harusi. Nilikula pilau sinia moja na watu nisiowajua. Bi Mwajuma akafungua pindo la khanga akanirudishia ufunguo, akanishika mkono.

"Umekombolewa. Hukununa, mtani. Wewe ni mtu."

Nilifurahi kwa maneno hayo kuliko nilivyofurahia shahada yangu ya uzamivu.

Kabla ya kuondoka niliwaomba abiria sahihi zao. Bi Mwajuma aliandika jina lake kwa herufi kubwa, Bi Tatu akaandika lake, shangazi akaweka dole gumba, Mushi akatia sahihi wa mwisho. Salma akajaza sehemu iliyobaki, akaikunja fomu, akairudisha mkobani. Njia ya Dar nikaendesha mimi, polepole, kwa sababu wenzangu wote wawili walikuwa wamelala na sikutaka kuwaamsha. Mbagala sikutafuta mtu wa kujaza viti. Nilikuwa na hakika kivuli ninacho.

Jumatatu, saa nne, katibu wa kamati aliisoma fomu kwa sauti. Safari, Nyamisati hadi Kibiti. Viti vitano, watu watano. Sahihi zote zipo. Dereva, Dokta Salma.

Nikasimama. "Gari ni langu!"

"Barua haikusema mwenye gari, Dokta," katibu akanijibu. "Ilisema dereva. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Kamati nzima ikanigeukia, nami ilibidi nitamke mbele yao kwamba nilikuwa kwenye bodaboda, na kamba wakavu.

Nilimkuta Salma nje, chini ya mkungu, anapima kwa hatua kama gari lake litaenea. Nikamuuliza, huku najizuia, kama aliyafanya hayo kwa makusudi.

"Bi Mwajuma nilimpigia simu toka Jumatano," akasema bila kugeuka. "Nikamwambia nakuletea Mnyamwezi mwenye gari tupu. Lililobaki alilimaliza mwenyewe."

"Lakini yeye ni mtani wangu. Wewe je, nimekukosea nini?"

Hapo akageuka, uso wake mpole kama kawaida. "Dokta, tumefanya kazi pamoja miaka sita. Hujapata kuniuliza kwetu ni wapi. Mimi ni Mzaramo wa Maneromango, mtu wa pwani kama Bi Mwajuma."

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, nami nakitoa bure kwa wafanyakazi wa vyuo vyote: fomu isomwe mpaka mwisho, na aliyekaa jirani yako aulizwe kwao. Leo asubuhi, saa kumi na mbili na robo, honi ya gari la Salma imelia nje ya nyumba yangu. Mushi ameshika kiti cha mbele. Nyuma yupo Bi Zena na mkoba wake wa chakula, maana naye anakaa njia hiyohiyo na hakuna aliyewahi kumpakia. Amesogea kidogo kunipisha, akanipigia saluti.

Nilitaka sana kununa. Nikamwamkia, nikapanda.