Kuku amemeza springi ya mteja wangu wa kwanza

Jamani, leo nimefungua karakana nyumbani, kuku akaniharibia!

Natengeneza rili, zile mashine za kukunjia uzi wa kuvulia samaki. Nimetumia stoo ya mke wangu, Mama Bhoke, na asubuhi alikuwa bado amenuna.

Mzee Marwa akaleta rili yake iliyokwama. Nilipoifungua tu, springi ikaruka hadi mlangoni. Tetea wa Mama Bhoke akaidonoa, akameza.



Nikamwita mke wangu kwa woga, nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Mchinje. Mteja wa kwanza haondoki hivi hivi."

Springi tumeikuta kwenye firigisi. Rili sasa inazunguka vizuri kabisa.

Mzee amekula kwetu, na firigisi kapewa yeye. Mimi baba mwenye nyumba nimepewa shingo.

Nimekula kwa furaha. Ingekuwa wewe?